Digrii zinazodanganya: maswali yenu kuhusu kupima joto kwa mikrokontrola

Toleo hili tumelipa joto nafasi yake. Barua zilizotufikia kutoka Goma, Bukavu na Lubumbashi zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: sensa ipo, programu ipo, lakini namba inayotoka haifanani na hali halisi. Kabla ya kujibu, tukubaliane kwanza maneno. ADC ni kigeuzi kilichomo ndani ya mikrokontrola, yaani ile chipu ndogo inayoendesha programu. Hupokea volti, hutoa namba. Kila namba moja tutaiita hatua. Volti ya rejea ni kile kipimo ambacho kigeuzi hulinganisha nacho. Kosa la sifuri, ambalo mafundi huliita ofseti, ni pale masomo yote, yaani namba zinazosomwa, yanapohama juu au chini kwa kiasi kilekile. Kosa la mteremko ni pale kosa linapokua kadiri volti inavyopanda. Hayo mawili ya mwisho ndiyo yanayochanganywa sana, na aliyeyachanganya hufunga bandeji mguuni huku jino ndilo linalouma.

SWALI: Jambo wahariri. Ninafuga kuku hapa Himbi, Goma. Kijana wangu amenitengenezea mashine ya kutotoa vifaranga kwa kadi ya Arduino Uno. Anasema chipu yake, ATmega328P, ina sensa ya joto ndani, kwa hiyo tusipoteze pesa kununua nyingine. Ametumia analogRead(8), lakini namba inarukaruka ovyo, na hata nikifungua mlango wa mashine haishuki. Je, chipu imekufa? (Mama mfugaji, Himbi)

JIBU: Mama, chipu haijafa. Kijana ameisoma pini isiyo yake. Sensa ya ndani kweli iko kwenye chaneli ya 8, ila amri ya analogRead kwenye Uno huchukua biti tatu tu za mwisho za namba ya chaneli. Nane ikikatwa hivyo inabaki 0, kwa hiyo programu inasoma pini A0. Pini isiyounganishwa na kitu hunasa kila wimbi linalopita hewani, ndiyo maana namba inaruka.

Njia ya kuifikia ni kuandika rejista yenyewe, yaani sehemu ya mipangilio ndani ya chipu: ADMUX = 0xC8. Thamani hiyo inachagua chaneli ya 8 na, kwa pamoja, volti ya rejea ya ndani ya 1.1 V. Kisha asubiri milisekunde 20. Kusubiri huku si mapambo: kwenye AREF, pini ya volti ya rejea, kuna kapasita ya 100 nF iliyokuwa imejaa 5 V, na inahitaji muda kushuka hadi 1.1 V. Baada ya hapo aanzishe kila somo kwa ADCSRA |= 0x40, angoje biti hiyo irudi 0, asome ADC. Masomo manne ya kwanza ayatupe, 64 yanayofuata atafute wastani wake. Tahadhari moja: ikiwa kuna waya uliochomekwa AREF kutoka 3.3 V au 5 V, autoe kwanza, la sivyo volti mbili zitagongana ndani ya chipu.

Sasa namba zina maana gani? Hati ya mtengenezaji inatoa vituo vitatu vya kawaida: 242 mV kwa −45 °C, 314 mV kwa 25 °C, na 380 mV kwa 85 °C. Yaani kila digrii ni karibu 1 mV. Hatua moja ya kigeuzi cha biti 10 kwa rejea ya 1.1 V ni 1.07 mV, kwa hiyo hatua moja ni takriban digrii moja, na kwa 25 °C mtegemee kuona kama 292.

Hapo ndipo shida inapoanza. Hiyo rejea ya 1.1 V si 1.1 kamili, kiwanda kinaruhusu iwe popote kati ya 1.0 na 1.2 V. Chukueni 314 mV zilezile: kwenye chipu yenye rejea ya 1.0 V zitasomwa 321, na kwenye yenye 1.2 V zitasomwa 268. Tofauti ya hatua 53, sawa na digrii zaidi ya 50, na joto halijabadilika hata kidogo. Kwa hiyo fomula iliyonakiliwa kutoka kadi ya mtu mwingine haina thamani kwenye kadi yenu. Apime AREF kwa multimita baada ya kuchagua rejea ya ndani, aweke volti hiyo kwenye hesabu badala ya 1.1, kisha arekebishe sifuri kwa kituo kimoja: kadi iliyozimwa usiku kucha, iwashwe asubuhi, isomwe ndani ya sekunde chache za mwanzo huku kipimajoto cha kuaminika kikiwa kandokando. Tofauti inayoonekana ndiyo ofseti ya chipu hiyo, na haihamishiki kwenye chipu nyingine.

Mtego mwingine umo ndani ya hesabu yenyewe. Kwenye Uno, aina ya namba ya kawaida haizidi 32,767. Akiandika 1100 * N / 1024 na N, yaani namba ya ADC, ikiwa 292, zao ni 321,200. Halitoshi, na jibu litatoka upuuzi, pengine hasi. Aandike 1100UL, ili hesabu itumie aina ya namba kubwa zaidi.

Baada ya kazi yote hiyo, jibu letu la kweli ni kwamba msiitumie kwa mayai. Sensa hiyo hupima joto la silikoni ya chipu, si hewa ya mashine. Chipu yenyewe inajipasha kwa umeme inaotumia, na mkilisha kadi kwa 12 V kupitia tundu la duara, kidhibiti cha volti kilicho juu ya kadi kinageuza volti 7 zilizozidi kuwa joto: kwa 50 mA hiyo ni 0.35 W inayopasha ubao mzima. Hati ya mtengenezaji yenyewe inakiri usahihi wa ±10 °C. Mashine yenye feni inataka karibu 37.5 °C, na digrii mbili za ziada kwa siku kadhaa zinaua vifaranga ndani ya ganda. Nunueni sensa ya DS18B20, ambayo hutoa namba moja kwa moja bila kupitia ADC. Kati ya −10 na 85 °C kosa lake ni ±0.5 °C. Inahitaji rezista ya 4.7 kΩ kati ya waya wa data na waya wa 5 V. Wanaoisahau rezista hiyo ndio wanaorudisha sensa dukani Birere wakisema ni mbovu. Ikionyesha 85 kamili mara tu mnapowasha, bado haijapima. Ipeni milisekunde 750.

Sensa ya ndani iachieni kazi yake ya asili: kuwaambia kadi imepata joto kupita kiasi, muizime.

SWALI: Niko na farmasi Kadutu, Bukavu. Fundi alinifungia Raspberry Pi Pico na thamista ya NTC (rezista ambayo upinzani wake hushuka joto linapopanda) ya 10 kΩ kwenye friji ya dawa, ambayo lazima ibaki kati ya 2 na 8 °C. Nikiunga pini ya GP28 na ardhi (GND) ninasoma 11 au 12, si 0. Sensa ya ndani ya Pico nayo inaonyesha kama digrii 4 chini ya kipimajoto cha ukutani. Fundi anasema atoe 12 kila mahali, mambo yaishe. Nimwamini? (Msomaji, Kadutu)

JIBU: Kwa nusu. Hatua 12 ulizoziona ni kosa la sifuri na kuzitoa ni sahihi. Digrii 4 za sensa ya ndani ni ugonjwa mwingine kabisa, na hatua 12 haziuponyi.

Kwenye Pico, volti ya rejea ya ADC hutoka kwenye 3.3 V ya kadi ikipitia rezista ya karibu 200 Ω. Kigeuzi chenyewe hunywa karibu 150 µA. Piga hesabu: 200 × 0.00015 ni 0.03 V. Kwa hiyo pini ya 35, ADC_VREF, haina 3.30 V bali karibu 3.27 V. Watu wengi huziita hizo 30 mV ofseti, lakini ukizitazama vizuri ni kosa la mteremko, kwa sababu rejea ikipungua kwa 0.9% kila somo huongezeka kwa 0.9%, kubwa kwa kubwa na dogo kwa dogo. Kwenye sifuri halionekani.

Sensa ya ndani ya RP2040, chipu ya Pico, hutoa 0.706 V kwa 27 °C na hushuka 1.721 mV kwa kila digrii inayopanda. Ongeza 0.9% juu ya 0.706 V, unapata 6.4 mV za uongo. Gawa kwa 1.721, unapata digrii 3.7. Na kwa kuwa volti kubwa maana yake baridi, sensa itadai kuna baridi kuliko ilivyo. Ndizo digrii zako 4. Mwambie fundi aweke multimita kati ya pini ya 35 na ya 33, ambayo ni ardhi ya analogi, kisha volti atakayoiona aiandike kwenye programu mahali palipoandikwa 3.3. Kama farmasi inaweza kumudu, chipu ya volti ya rejea LM4040 ya 3.0 V ikiunganishwa kati ya pini hizohizo mbili huishika rejea isiyumbe, ilimradi programu ibadilishwe kuwa 3.0.

Tukirudi kwenye sifuri, kuunga pini na ardhi ni kipimo chepesi lakini kina upofu. Kigeuzi hakiwezi kutoa namba chini ya 0. Kadi yako ina kosa la kuelekea juu, kwa hiyo umeliona. Ingekuwa na kosa la kuelekea chini, ungesoma 0 safi, ungefurahi, na hatua 10 za mwanzo zingekuwa zimemezwa kimya. Ndiyo maana sisi hatuamini sifuri peke yake. Tunatumia vituo viwili, cha chini kidogo juu ya ardhi na cha juu, kisha tunachora mstari kati yake.

Fundi achukue potenshomita ya 10 kΩ, ncha moja kwenye 3.3 V, nyingine kwenye ardhi ya analogi, mguu wa kati kwenye GP28, pamoja na kapasita ya 100 nF kutoka GP28 hadi ardhini. Azungushe hadi multimita ionyeshe kama 105 mV, asome wastani wa masomo 256. Azungushe tena hadi 1,900 mV, asome vivyo hivyo. Hatukuchagua 1,900 kwa bahati: multimita za bei nafuu zina mkao wa 2000 mV, na vituo vyote viwili vikipimwa bila kugeuza kitufe, kosa la multimita linabaki la aina moja. Akihamia mkao wa 20 V anaona hatua za 10 mV tu, na kazi yote inaharibika.

Tuseme 105 mV imetoa 143 na 1,900 mV imetoa 2,391. Tofauti ya volti ni 1,795 mV, ya hatua ni 2,248. Hatua moja ni 0.7985 mV. Zidisha kwa 4,096, unapata 3.271 V, ambayo ndiyo rejea halisi, na ikikaribiana na kile multimita ilichosema pini ya 35, ujue kipimo ni kizima. Sasa 143 × 0.7985 ni 114.2 mV, wakati volti ya kweli ilikuwa 105, zimezidi 9.2 mV, sawa na hatua 11.5. Hiyo ndiyo ofseti, na inakubaliana na 11 au 12 zako za ardhini. Anayetumia MicroPython akumbuke kwamba read_u16 hutoa namba hadi 65,535, kwa hiyo agawe kwa 16 kabla ya hesabu hizi.

Kigeuzi cha RP2040 kina kasoro nyingine inayojulikana: karibu na namba 512, 1,536, 2,560 na 3,584 hatua zake si sawa kwa upana. Usiweke kituo chako cha kupimia hapo.

Sasa thamista ya friji, na hapa fundi anaweza kukuharibia akizidisha bidii. Ikiwa kigawanyo chake, yaani thamista na rezista zinazogawana volti, kinalishwa kutoka ADC_VREF yenyewe, rejea ikishuka volti ya thamista nayo inashuka kwa uwiano uleule, na kosa la mteremko linajifuta. Programu haihitaji kujua volti hata kidogo. Inahitaji uwiano wa N kwa 4,096 tu. Akiingiza 3.271 kwenye hesabu ya thamista huku akidhani inalishwa 3.30, analirudisha kosa ambalo halikuwepo. Hapo atoe ofseti peke yake.

Na ofseti hiyo ina uzito gani? Thamista ya 10 kΩ yenye B (namba ya mtengenezaji inayoonyesha upinzani unavyofuata joto) ya 3950 huwa na karibu 25.9 kΩ kwa 5 °C. Ikiwa chini ya rezista ya 10 kΩ, inatoa kama hatua 2,956, na kila digrii moja ni hatua 42. Kwa hiyo hatua 12 ni chini kidogo ya theluthi moja ya digrii. Sasa tazama thamista yenyewe: upinzani wake hubadilika karibu 5% kwa digrii, maana yake thamista iliyouzwa kwa usahihi wa 5% inaweza kukosea digrii nzima hata kigeuzi kikiwa malaika. Kwa friji ambayo mpaka wake wa chini ni 2 °C, hiyo digrii moja ndiyo yenye hatari, kwa sababu chanjo zisizotakiwa kuganda hazirudi hali yake zikishaganda.

Dawa yake ni barafu. Ponda barafu ya maji safi, jaza chupa ya chai inayotunza joto, mimina maji ya baridi hadi yajae nafasi zilizo kati ya vipande, koroga. Sensa iliyozibwa isiingie maji ikae katikati, isiguse chini wala ukuta, dakika 10. Hapo ni 0 °C, bila kujali uko Bukavu au ufukweni mwa bahari. Barafu nyingi ikielea juu na maji matupu chini si kipimo. Maji ya chini yanaweza kufika digrii 4. Tofauti unayoiona kwenye 0 °C itoe kwenye digrii za mwisho, baada ya kosa la kigeuzi kuondolewa. Friji yako inafanya kazi karibu na hapo, kwa hiyo kituo kimoja kinatosha.

SWALI: Ninatumia sensa ya joto LM35 na Uno, rejea ya ndani. Nilichemsha maji kwenye jiko la makala nikapima, sensa ikagoma kwenye 95. Nikaweka kwenye programu kuzidisha kwa 100 kugawa kwa 95. Sasa chumba chenye digrii 24 kinaonyesha zaidi ya 25. ADC imeharibika wapi? (Msomaji, Majengo, Goma)

JIBU: Haikuharibika popote, ndugu. Sensa ilisema kweli, wewe ukaifundisha uongo. Uso wa Ziwa Kivu uko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na Goma iko juu kidogo ya hapo. Hewa ni nyepesi zaidi, kwa hiyo maji huchemka kwenye karibu 95 °C. Bukavu ni vivyo hivyo, na Lubumbashi, iliyo kwenye mita 1,200 na zaidi, ni karibu 96. Mia kamili ni ya miji ya pwani. Ondoa ule uwiano, rudia kipimo cha barafu tuliyoeleza hapo juu, halafu tumia 95 kama kituo chako cha juu, sensa ikiwa ndani ya maji yanayobubujika, haigusi sufuria.

Kwa kuwa LM35 hutoa 10 mV kwa digrii na hatua yako ni 1.07 mV, unaona kama sehemu ya kumi ya digrii. Ni nzuri. Kwenye rejea ya 5 V ungeona nusu digrii tu. Ila LM35 ya kawaida yenye waya tatu haishuki vizuri karibu na 0 °C kwa sababu haiwezi kutoa volti hasi. Iamini tu kuanzia digrii mbili tatu juu ya sifuri na kuendelea, na kwenye barafu ikikwama hapo bila kushuka zaidi, usidhani ni ofseti ya ADC.

SWALI: Wakubwa, mimi ni mwanafunzi Lubumbashi, komuni ya Kenya. Nina ile kadi ndogo ya buluu ya STM32F103. Nikiweka kidole juu ya chipu namba ya sensa ya joto inashuka, nikipuliza inapanda. Na kila nikizima na kuwasha inatoka tofauti kwa hatua kadhaa.

JIBU: Kijana, la kwanza si kosa. Volti ya sensa ya F103 hushuka joto linapopanda, karibu 4.3 mV kwa digrii, kuanzia 1.43 V kwa 25 °C. Joto ni (1.43 − V) ÷ 0.0043 + 25. Kwa 3.3 V, kigeuzi cha biti 12 kitaonyesha kama 1,775 kwa 25 °C na kupoteza hatua 5 na kidogo kwa kila digrii inayoongezeka. Lakini 1.43 ni ya wastani. Kiwanda kinaruhusu 1.34 hadi 1.52 V, na 90 mV ni digrii 21. Familia za baadaye, kama STM32F4, zina namba za kiwandani zilizochomwa ndani ya chipu kwa 30 na 110 °C, F103 haina. Lazima ujipimie kituo chako mwenyewe, chipu ikiwa baridi.

La pili ndilo la kushughulikia. Chipu hii ina urekebishaji wake wa ndani, nao haukumbukwi umeme ukikatika. Kama programu yako hauiti, unasoma makosa ya kapasita za ndani yakiwa mabichi. Utaratibu: kwanza punguza saa ya ADC. Chipu ikiwashwa kigawanyo cha saa kiko kwenye 2, na kwa 72 MHz hiyo ni 36 MHz, wakati kikomo ni 14. Weka 6, upate 12 MHz. Washa biti ya ADON, subiri mikrosekunde chache, washa RSTCAL hadi ijizime, kisha CAL hadi ijizime. Wanaotumia maktaba ya HAL waite HAL_ADCEx_Calibration_Start kabla ya somo la kwanza. Ukikosea mpangilio huo, yaani ukarekebisha kwanza ukabadilisha saa baadaye, umepoteza kazi.

Kisha biti ya TSVREFE iwashwe, la sivyo sensa imelala. Muda wa kuchota volti uwe angalau mikrosekunde 17.1: chagua mizunguko 239.5, ambayo kwa 12 MHz ni karibu 20. Mizunguko 71.5 ni mikrosekunde 6 tu, na utasoma mabaki ya chaneli iliyotangulia. Soma pia chaneli ya 17, rejea ya ndani ya 1.20 V: 1.20 × 4,095 ÷ N inakupa volti halisi ya kadi, nayo ndiyo uiweke kwenye fomula badala ya 3.3. Chaja za simu za bei ya chini hubadilisha volti hiyo kila mzigo unapobadilika.

SWALI: Napima betri ya sola ya 12 V kwa Uno. Nilitumia rezista za 1 MΩ na 330 kΩ ili nisimalize betri. Namba iko chini kuliko multimita na inacheza nikisogeza mkono. Nitoe ofseti ya ngapi? (Fundi, Katuba, Lubumbashi)

JIBU: Usitoe chochote. ATmega328P inataka chanzo cha 10 kΩ au chini. Wewe umeipa 248 kΩ, na kapasita yake ndogo ya ndani, karibu 14 pF, haiwahi kujaa. Kosa la namna hii hubadilika kulingana na chaneli iliyosomwa kabla, kwa hiyo hakuna namba ya kutoa. Tumia 30 kΩ juu na 10 kΩ chini: 14.4 V inakuwa 3.6 V, chanzo ni 7.5 kΩ, na betri inapoteza 0.3 mA tu. Kama ni lazima ubaki na rezista kubwa, weka 100 nF kutoka pini hadi ardhini na usome mara moja kwa nusu sekunde. Kapasita hiyo ni kubwa mara 7,000 kuliko ile ya ndani, haitaisikia. Osha pia mabaki ya kulehemu kwa spiriti. Vumbi na unyevu juu yake huwa rezista ya ziada, na mbele ya 1 MΩ hiyo inahesabika.

Mchezo wa mkono ni mawimbi ya umeme wa 50 Hz. Usitafute wastani wa masomo kumi; endelea kusoma hadi mikrosekunde 20,000 zipite, yaani wimbi moja zima, kisha ugawe kwa idadi uliyopata. Itakuwa kati ya 170 na 190.

SWALI: Kwenye kadi ya ESP32 volti yoyote chini ya takriban 0.1 inasomwa 0. Nimejaribu kuongeza ofseti, ila sasa sifuri nayo inaonyesha 0.1. (Msomaji, Ndosho, Goma)

JIBU: Namba iliyomezwa haiongezeki kwa kuongezwa. Kigeuzi cha ESP32 ya kwanza kimepinda kwenye ncha zote mbili. Kwa mpangilio wa 11 dB kaa kati ya 150 na 2,450 mV, na utumie analogReadMilliVolts, inayosoma namba za kiwandani za chipu yako, badala ya analogRead. Sensa ikitoa volti ndogo, kama LM35 kwenye baridi, badilisha kwa sensa ya TMP36: hutoa 750 mV kwa 25 °C na hata 0 °C bado ni 500 mV, mbali na ule ukingo. Na pini za ADC2, kigeuzi cha pili cha chipu hiyo, zikikataa kusoma Wi-Fi ikiwa imewashwa, ndivyo zilivyo. Hamishia waya pini ya 32 hadi 39.